Nyumba mpya, rangi mpya: Mzazi, chunguza haya kabla hujalipa

Dar es Salaam. Ni Jumamosi asubuhi, mwezi wa nane. Mke na mume wanashuka kwenye bajaji mbele ya geti jeusi, upande wa Madale, wilayani Kinondoni. Dalali amewatangulia. Amefungua madirisha yote, amewasha taa na kufungulia bomba la jikoni ili wageni waone maji yanavyotoka kwa kasi.

Nyumba haijatimiza mwaka tangu iezekwe. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, sebule yenye dari ya jipsamu, vigae vinavyong’aa, uzio wa tofali na nafasi ya kuegesha magari mawili. Kwa familia iliyopanga vyumba viwili kwa miaka tisa, moyo hulainika mlangoni.

Mume anapima sebule kwa macho, aone makochi yatakaa wapi. Mke, mwalimu wa shule ya msingi, ananyoosha moja kwa moja hadi chumba cha watoto. Mtoto wao wa kati ana miaka sita na ana pumu. Mama anainama, anapitisha kiganja ukutani karibu na sakafu. Ukuta una ubaridi, na rangi ya chini, mpaka usawa wa magoti, ni mpya kuliko ile ya juu.

Akamuuliza dalali kwa nini sehemu ile imerudiwa rangi. Dalali akacheka. “Dada, nyumba mpya hii, fundi alikuwa anamalizia tu.”

Hawakulipa siku ile. Walirudi mara mbili, na walichokiona kiliwafanya waiache nyumba waliyokuwa wameshaipenda.

Familia nyingi za mijini sasa zinanunua nyumba iliyokwisha kujengwa badala ya kuhangaika na mafundi. Nyumba hizo ziko pembezoni: Goba, Bunju, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni na Kibaha kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani, au Usa River na Ngaramtoni kwa wa Arusha. Wanunuzi wengi huulizia hati, na wanafanya vizuri. Wachache huuliza kama nyumba yenyewe itawaacha watoto wakiwa wazima.

Nyumba ya zamani haifichi maradhi yake. Alama ya maji inaonekana darini, ufa unaonekana, jirani anajua karo lilifurika lini. Nyumba mpya haijapita masika hata moja ikiwa na watu ndani, na chochote kilichoanza kujitokeza kimeshapakwa rangi.

Mvua ndiyo mkaguzi wa kwanza

Ukanda wa Pwani hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mwenye nyumba anayejua kiwanja chake kina tatizo hupenda kuuza Julai au Agosti, ardhi ikiwa kavu.

Kama unaweza kusubiri, rudi siku ya mvua. Kama huwezi, soma ardhi. Simama getini uangalie maji ya barabarani yangeelekea wapi. Angalia uzio wa majirani: mstari wa tope au ukungu wa kijani chini ya ukuta unaonyesha maji hufika wapi. Tazama kama kuna matete au majani mabichi mahali ambapo kwingine kumekauka. Ukiona sakafu ya nyumba imeinuliwa sana kuliko majirani, uliza ni kwa nini, na kifusi kilichojazwa kilishindiliwa vipi. Kifusi kisichoshindiliwa hutitia taratibu, na nyumba hufuata.

Dar es Salaam inalijua jambo hili kwa uchungu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilizokuwa bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bahari. Kijito kikavu nyuma ya uzio mwezi wa nane kinaweza kuwa mto mwezi wa nne. Hatua 80 za mtu mzima zinakupa makadirio ya haraka. Kipimo chenyewe mwachie mpima ardhi.

Ukuta unaotoa chumvi

Ile rangi iliyorudiwa hadi usawa wa magoti ina maelezo. Fundi mzuri hutandaza nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi, na huweka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Akiliruka hilo kuokoa fedha, maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali. Rangi huvimba, lipu humomonyoka, na unga mweupe hutokea ukutani. Watu husema ukuta unatoa chumvi. Kuupaka rangi upya huficha hali hiyo kwa miezi michache tu.

Kwa afya ya mtoto, hili ni kubwa kuliko urembo. Mahali penye unyevu huota ukungu, na ukungu hutoa vumbi lisiloonekana ambalo huvutwa na pumzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, lilieleza kuwa wanaoishi katika majengo ya namna hiyo wana hatari zaidi ya kupata kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mtoto anayelala kitanda cha chini, kichwa kikiwa karibu na ukuta huo, huvuta hewa hiyo usiku kucha.

Ukaguzi wake hauhitaji mtaalamu. Gusa kuta chini, hasa za vyumba vya kulala, bafu na nyuma ya makabati. Fungua makabati, ingiza kichwa, nusa. Harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi ni harufu ya ukungu. Angalia dari: doa la rangi ya chai kwenye jipsamu linaonyesha bati linavuja. Nyumba ikinuka rangi kali, muulize muuzaji kwa upole ilipakwa lini, na mbona imepakwa wiki hii.

Harufu ya rangi yenyewe, na ya makabati mapya ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, inaweza kuamsha pumu. Hata ukinunua, acha madirisha wazi mchana kwa wiki kadhaa kabla ya kumlaza mtoto humo. Ulizia pia rangi za mafuta zilizotumika kwenye milango na grili. Risasi iliyomo katika baadhi ya rangi huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Chagua rangi ambayo kopo lake linaeleza kuwa haina risasi.

Nyufa nazo zisomwe kwa utulivu. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida nyumba inapokauka. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, na unaoweza kuingiza sarafu, unahitaji mhandisi aliyesajiliwa aje autazame kabla ya fedha kutoka. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na bei ya nyumba.

Maji yanatoka wapi, na yanaenda wapi

Bomba kufunguka kwa kasi hakukuelezi maji yanatoka wapi. Yanaweza kuwa ya mamlaka ya maji, ya kisima kilichochimbwa uani, au ya gari lililojaza tenki jana yake.

Kama ni ya mamlaka, omba kuona ankara za miezi kadhaa na uwaulize majirani maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Kama ni kisima, omba sampuli ipelekwe maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika kanda mbalimbali. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100. Kwa visima vya karibu na bahari, pima chumvi. Maji yenye munyu huharibu mabomba na hita. Kwa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, pima madini ya floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hubadilika rangi wakiwa bado wanakua, na yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huathirika. Kuchemsha hakuondoi floraidi.

Swali la pili, la maji machafu, huulizwa na wachache. Nyumba nyingi za pembezoni hazijaunganishwa na bomba kubwa la majitaka. Maji ya chooni huingia kwenye karo, uchafu mzito hutua, kisha maji huenda kwenye shimo la kunyonya na kuzama ardhini. Hakuna ubaya wowote mfumo huo ukijengwa sawasawa. Tatizo huja viwanja vinapokuwa vidogo, kila mtu akachimba kisima na shimo lake. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa afya ya mazingira ni kuacha mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Kiwanja chenyewe kinaweza kuwa na upana wa mita 20. Basi usiishie kupima karo lako. Chungulia na uulize la jirani liko wapi.

Omba mfuniko wa chemba ufunguliwe mbele yako. Mtu mmoja avute maji ya vyoo vyote, mwingine aangalie kama yanapita bila kurudi. Uliza gari la kunyonya majitaka litaingilia wapi. Kama uzio na maua vimeziba njia, siku karo likijaa mtavunja ukuta. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulikumbusha wengi kwamba kinyesi na maji ya kunywa vikikutana, jengo zuri halimkingi mtu.

Tazama pia mifuniko yenyewe. Tangi la maji la chini ya ardhi, karo na chemba ni mashimo ambayo mtoto wa miaka miwili anaweza kutumbukia. Mfuniko uwe mzito, mzima na wenye kufuli. Ubao uliowekewa tofali juu hautoshi hata kwa siku moja.

Mbu hawajali nyumba ni mpya

Mbu wa malaria huuma usiku, na wengi huingia kupitia nafasi kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa nyavu, au dari ya wavu tu, zilikuwa na mbu wachache, na watoto wake wachache zaidi walipungukiwa damu. Kwa hiyo, dari iliyozibwa vizuri ni kinga pia. Angalia nyavu za kila dirisha, la choo likiwemo, na matundu ya hewa juu ya madirisha.

Yupo mbu mwingine, wa dengue, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019. Kagua mifereji ya paa, mfuniko wa tenki, ndoo na matairi yaliyoachwa na mafundi. Kiwanja kilichozungukwa na mapagale chungulia mara mbili, kwani karo lisilofunikwa la pagale la jirani litakuletea mbu mwaka mzima.

Nondo za mwizi na njia ya moto

Grili za madirisha humzuia mwizi. Siku ya moto humzuia pia mtoto. Katika vyumba vya kulala, angalau dirisha moja liwe na grili inayofunguka kwa ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia. Kama haipo, mchomeleaji wa mtaani anaweza kuikata na kuitia bawaba kwa siku moja. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwenye umeme, muulize muuzaji ni fundi gani aliyetandaza nyaya na kama ana leseni ya EWURA. Nje, tafuta waya wa athi unaoingia ardhini. Ndani ya boksi la umeme kuwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze. Umeme ukizimika, kinafanya kazi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni. Mtungi ukae nje, kwenye banda lenye hewa, bomba likipita ukutani. Na jiko liwe na dirisha linalofunguka kikamilifu, hasa kama bibi bado anapika maharage kwa mkaa.

Kwenye ngazi na roshani, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10. Zaidi ya hapo, mtoto anayetambaa anaweza kupenya.

Pita njia hiyo usiku

Nyumba inauzwa mchana, lakini mtoto hupandwa na homa saa nane za usiku. Kabla ya kuamua, fanyeni safari moja baada ya saa tatu usiku, kutoka getini hadi kituo cha afya kinachofanya kazi saa 24. Hesabuni dakika. Je, bodaboda wapo? Bajaji inapita tope likijaa? Kwa mama mjamzito au mtoto mwenye pumu, nusu saa ni muda mrefu sana.

Safari hiyo hiyo itakuonyesha mengine: baa inayopiga muziki hadi alfajiri, kiwanda cha tofali kinachotimua vumbi, dampo linalochomwa jioni. Mchana dalali alikupitisha njia nyingine.

Karatasi nazo zina afya yake

Baada ya yote hayo, rudi kwenye hati. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati, usiridhike na nakala. Omba kibali cha ujenzi na ramani iliyopitishwa na halmashauri. Fika ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa peke yako, bila dalali. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake ni lazima. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinalinda nyumba ya wanandoa. Na kwa kuwa kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, uliza kama mita ina deni.

Walichokiona Madale

Ziara ya pili, mke na mume walikwenda usiku, bila dalali. Kona ya barabara walimkuta mama mtu mzima anayekaanga vitumbua. Wakamwamkia, wakanunua vya mia tano, wakauliza habari za nyumba ya geti jeusi. Mama akawaeleza kwamba masika iliyopita lilikuwa pagale, na maji yalisimama kiwanjani siku nyingi hadi watoto wa mtaa wakawa wanakamata vyura humo. Baadaye malori yakaleta kifusi.

Wiki zilizofuata dalali alipiga simu karibu kila siku. Kuna mtu anakuja na fedha kesho, alisema. Mume alitaka walipe walau nusu, asije akaikosa. Mke alimwomba wasubiri mvua moja tu.

Vuli ilipoanza, walirudi asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Uwanja wa mbele ulikuwa umekauka, kama dalali alivyoahidi. Nyuma ya nyumba, chemba ilikuwa imeinua mfuniko, na maji ya kijivu yalikuwa yakitambaa kuelekea kisimani, hatua kumi tu. Kwenye chumba cha watoto, rangi ya chini ilikuwa imeshaanza kuvimba. Walimpendekezea muuzaji arekebishe msingi na kuhamisha shimo, au apunguze bei wafanye wenyewe. Alikataa.

Kabla ya Krismasi bango la kuuzwa lilikuwa limeshaondolewa getini. Familia nyingine imeingia.

Mke na mume walinunua nyumba ya miaka sita upande wa Goba. Haina jipsamu, na vigae vya jikoni vimepauka. Muuzaji mwenyewe aliwaonyesha ufa alioufanyia ukarabati na mahali maji hupita mvua ikiwa kubwa. Maji ya tenki yalipopimwa yalikutwa na bakteria, kwa kuwa mfuniko ulikuwa umepasuka. Walisafisha tenki, wakalitia dawa ya klorini, wakanunua mfuniko mpya, wakapima tena ndipo wakahamia. Kitanda cha mtoto mwenye pumu kiko kwenye ukuta wa mashariki, unaopigwa na jua tangu asubuhi.

Mzazi, usiondoke bila majibu haya

- Kiwanja kilikuwaje masika iliyopita? Waulize majirani watatu, bila dalali kuwepo.
- Kuta za chini ni kavu? Gusa, nusa, fungua makabati.
- Maji ni ya wapi, na majibu ya maabara yako wapi?
- Karo na kisima vimeachana mita ngapi, na la jirani je?
- Mifuniko yote ya mashimo ina kufuli?
- Mtoto atatokea wapi moto ukiziba mlango?
- Ni dakika ngapi hadi kituo cha afya, usiku, mvua ikinyesha?
- Hati, kibali cha ujenzi na ridhaa ya mwenza vimethibitishwa?

Muuzaji mkweli hatakasirika kwa maswali haya. Akikuharakisha, mwambie unarudi siku ya mvua.